Nimeokota Maneno Kwenye Daftari la Stendi: Je, Hili ni Shairi?

Swali. Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, ni karani katika ofisi ya mabasi hapa Morogoro. Kazi yangu mojawapo ni kuandika daftari la vitu vinavyookotwa ndani ya basi abiria wakishashuka. Siku moja, basi la mwisho likiwa limechelewa, nilianza kulisoma kurudi nyuma nikaona kama linasema kitu. Nikanakili mistari na kuipanga hivi:

*Ndala moja ya kushoto.*
*Mwavuli umevunjika.*
*Simu ndogo, imezimwa.*
*Kanga doti moja, haijakatwa.*
*Bahasha ya eksirei, jina limefutika.*
*Mwenyewe hajafika.*
*Sote ni abiria katika dunia hii,*
*tunaacha mizigo yetu njiani.*

Mistari miwili ya mwisho ni yangu. Hiyo "Mwenyewe hajafika" ndiyo tunayoandika kwenye safu ya maelezo karibu kila siku. Kwenye bahasha palikuwa patupu, nikapajaza mimi. Kuna na kuku mzima aliyesahauliwa, huyo sikumweka. Rafiki yangu anayetunga mashairi ya vina na mizani alicheka, akasema hili si shairi na tena ni wizi, maana maneno si yangu. Nimesikia kwamba nchi nyingine watu hutunga hivi. Je, ni kweli? Na kama maneno yote ni ya kuokota, nitakuaje mwandishi?

Jibu. Marahaba, binti. Nimelisoma shairi lako mara nne, mara mbili kwa sauti, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza maswali matatu ukidhani ni mawili. Rafiki yako naye asikuudhi. Ana nusu ya hoja, na nusu hiyo tutaifikia.

Kwanza, ndiyo, jambo hili lipo na lina umri. Mimi huliita shairi la kuokota, wewe liite utakavyo. Mtunzi hachukui kalamu kubuni sentensi. Anachukua maandishi yaliyokwisha kuandikwa kwa kazi nyingine, kama tangazo, risiti, hukumu ya mahakama, karatasi ya dawa au kumbukumbu za kikao, anayakata, anayapanga upya, anaamua mstari uishie wapi, kisha anayaweka mbele ya msomaji kama shairi. Mwaka 1920 Tristan Tzara, mshairi mzaliwa wa Romania aliyekuwa Paris, alitoa maelekezo ya utani mkali: kata gazeti vipande, tia maneno kwenye mfuko, tikisa, toa moja moja, nakili. Mchezo huo ufanye mara moja ucheke, halafu uache. Wewe hukutikisa mfuko. Ulichagua, na kuchagua ndiyo kazi yenyewe.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha bahati tupu. Mwaka 1819 William Whewell, mwanazuoni wa Cambridge, alichapisha kitabu cha mekanika, elimu ya nguvu na mwendo. Ndani yake aliandika kwamba hakuna nguvu, hata iwe kubwa vipi, inayoweza kuvuta kamba, hata iwe nyembamba vipi, ikanyooka kabisa kwa mlalo. Kwa Kiingereza sentensi hiyo iliangukia kwenye vina na mapigo ya shairi bila yeye kujua. Mwenzake, Adam Sedgwick, akaighani mbele ya watu baada ya chakula. Whewell hakuchekeshwa, na katika toleo lililofuata sentensi ikaondolewa. Mimi humwonea huruma, maana huo ndio mstari wake pekee ambao watu wasiosoma mekanika bado wanaukumbuka.

Kwetu je? Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuona ajabu kwamba mtunzi ajenge juu ya maneno ya mwingine. Watunzi wa pwani walikuwa na takhmisi: unachukua mishororo miwili ya mwenzako, unaiwekea mitatu yako, ubeti unakuwa wa mishororo mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, huyu wa utenzi wa Al-Inkishafi, aliyafanyia hivyo mashairi yanayonasibishwa na Liyongo, shujaa wa kale wa pwani, na hakuna aliyemwita mwizi, kwa kuwa jina la Liyongo lilikuwa wazi kwenye kazi yenyewe. Hakuficha. Shika hapo, tutaparudia.

Sasa kuhusu vina na mizani. Rafiki yako amecheka haraka mno, hakuhesabu. Hebu tuhesabu. *Nda-la-mo-ja-ya-ku-sho-to*: mizani 8. *Mwa-vu-li-u-me-vu-nji-ka*: 8. *Si-mu-ndo-go-i-me-zi-mwa*: 8. Hicho ni kipande kamili cha mshororo wa shairi letu la kawaida la mizani 16, mara tatu mfululizo, kutoka mkononi mwa karani aliyekuwa anawahi kufunga ofisi. Tazama na mwisho wa mistari: *umevunjika*, *limefutika*, *hajafika*. Kina cha *-ka* kimo ndani ya daftari la stendi, na nadhani hata wewe hukukiona, maana ungekiona ungekitangaza.

Si miujiza. Kiswahili cha kila siku kinapenda kuangukia kwenye nane. Ukipita mitaa ya Dar es Salaam utaona kuta zilizoandikwa kwa rangi: NYUMBA HII HAIUZWI. Hesabu: 8. Mara nyingi chini yake huongezwa OGOPA MATAPELI, nayo ni 7. Mzani mmoja umepungua, na mkono wa mshairi unawasha. Ukiandika *Nyumba hii haiuzwi, ogopeni matapeli*, umepata 16 kamili, ukwapi na utao, yaani vipande viwili vya mshororo, vyote vinaishia kwa *i*, na umalenga wako umetulia. Lakini ukuta haukusema *ogopeni*. Ukuta ulimwambia mtu mmoja, mnunuzi mmoja aliyesimama pale jua kali na bahasha ya hela kwenye koti, *ogopa*. Ukigeuza kuwa wingi umepata mzani ukampoteza yule mtu. Mimi ningeacha kilema cha saba. Mwingine angegeuza, na wala si dhambi, mradi awe ameshaamua sheria yake na asiivunje kila anapobanwa. Mtu mwenye sheria ya "sigusi hata herufi", akagusa herufi tano kimyakimya, shairi lake hunuka. Sijui nikuelezeje zaidi ya hapo. Linanuka tu.

Na kama mistari isingefika nane, bado lingekuwa shairi. Ugomvi huo ulipiganwa kabla hujazaliwa. Amri Abedi aliziandika sheria za utunzi kitabuni mwaka 1954. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yake *Kichomi* bila vina na mizani, watu wakagombana miaka mingi, na leo pande zote mbili zinasomwa. Rafiki yako akitaka kuuanzisha tena mwambie amechelewa.

Tuje kwenye shairi lako lenyewe, maana hapo ndipo utakapojifunza kuliko kwenye historia.

Mistari miwili ya mwisho itoe. Najua ndiyo uliyoipenda, maana ndiyo ya kwako. Lakini soma tena. Ndala ya kushoto peke yake. Mtu ameshuka basi na mguu mmoja wa ndala, au ameshuka peku hakutambua, au ni ya mtoto aliyebebwa amelala. Kanga mpya, doti haijakatwa: mtu alikuwa anampelekea mtu. Bahasha ya eksirei isiyo na jina: kuna kifua cha mtu mle ndani, na mwenye kifua hicho pengine ameketi mbele ya daktari anaulizwa picha iko wapi. Hayo yote yalikuwa yanafanya kazi kwa msomaji. Halafu wewe ukaingia na *Sote ni abiria katika dunia hii*, msomaji akashusha pumzi, akasema, ahaa, kumbe ni mawaidha, akafunga. Mistari hiyo iko kwenye kila basi, kila mahubiri ya mazishi, na nusu ya kanga zilizoko sokoni. Daftari lilikuwa halijasema hivyo. Daftari lilijua zaidi yako kwa kukaa kimya.

Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu wasianze kuokotea kwenye kanga. Wote huzikimbilia, na nawaelewa: maneno yako tayari, mazuri, yana mafumbo. Tatizo ni hilohilo. Jina la kanga limekwisha kupikwa na kutiwa chumvi. Ukiyapanga kumi pamoja unapata sinia la pilau juu ya pilau. Okotea mahali pakavu. Fomu ya mkopo. Maelekezo ya kuchanganya dawa ya mifugo. Ratiba ya maji ya mtaa. Pale ambapo mwandishi hakuwa na nia yoyote ya kukuliza ndipo utakapolia.

Pili, safu ya maelezo. Umeniambia kwa mabano tu, kama jambo dogo, kwamba penye bahasha palikuwa patupu ukapajaza. Binti, ulikuwa umeshika almasi ukaitupa kwenye kokoto. Vitu vingine vyote karani aliviandikia *Mwenyewe hajafika*. Kwenye bahasha ya eksirei hakuandika kitu. Alichoka? Aliitwa dirishani? Aliona jina limefutika akajiuliza huyo mwenyewe ni nani hata asemwe hajafika? Hatujui, na hatutakiwi kujua. Sasa tazama tukilipanga kwa uaminifu wa daftari, bila kuongeza hata neno:

*Ndala moja ya kushoto.*
*Mwenyewe hajafika.*
*Mwavuli umevunjika.*
*Mwenyewe hajafika.*
*Simu ndogo, imezimwa.*
*Mwenyewe hajafika.*
*Kanga doti moja, haijakatwa.*
*Mwenyewe hajafika.*
*Bahasha ya eksirei.*
*Jina limefutika.*

Umeona? Sentensi ya ofisi imegeuka kibwagizo. Mara ya kwanza ni taarifa. Mara ya tatu inaanza kuuma. Mara ya tano msomaji anaisubiri, haipo, na sikio lake linaitia lenyewe. Nilichofanya mimi ni kurudisha kilichokuwapo, kufuta kilichoongezwa na kuikata sentensi ya mwisho mistari miwili ili *Jina limefutika* isimame peke yake. Dakika sita za kazi. Unaweza kukataa mpangilio wangu ukaweka wako, na pengine utakuwa bora, maana wewe umeliona karatasi lenyewe na mwandiko wa kila karani.

Kuna jambo jingine ambalo huwezi kulipata kwenye vitabu vya wazungu vya ufundi huu, kwa sababu ni la lugha yetu. Wao hupenda kuchukua ukurasa wa gazeti na kuufuta kwa wino mweusi, wakiacha maneno machache yanayosomeka kama shairi. Kwao ni rahisi, neno lao halimfungi jirani yake. Jaribu kwa Kiswahili na maka peni yako utaona moto. Umeacha *mtoto* mstari wa tatu, ukapenda *limeanguka* mstari wa tisa, na upatanisho unakukatalia. Ngeli ni askari. Wengi hukata tamaa hapo.

Lakini askari huyohuyo anaweza kukufanyia kazi. Chukua *Haijakatwa* kutoka kwenye daftari lako, uifute *kanga* iliyo mbele yake. Iache peke yake kwenye mstari. Ni nini ambacho hakijakatwa? Kanga. Tiketi, na wewe uko ofisi ya tiketi. Simu, pengine mtu bado yuko hewani. Rufaa. Chukua *Limefutika*. Jina, deni, kosa; kiambishi *li-* kinawabeba wote watatu mgongoni, na msomaji anawasikia wakipumua. Nomino imeondoka, kivuli chake kimebaki kwenye kitenzi. Sijui lugha nyingi, lakini hizo chache nilizojaribu haziwezi kufanya hivi kwa neno moja. Tumia, ila kwa kijiko. Ukifuta nomino zote umetengeneza kitendawili, na kitendawili kinataka mtu ajibu "tega", si asome.

Nusu ya hoja ya rafiki yako ndiyo hii sasa: wizi. Hapa nina kovu langu mwenyewe, acha nikuonyeshe.

Nikiwa kijana nilikuwa nakaa na redio ya mama jioni, wakati wa matangazo ya vifo. Nilikuwa na kaunta buku, nanakili. Kilichonishika ni kwamba katika matangazo yale hakuna aliyesema huzuni, machozi wala pigo. Lilitajwa jina, ukoo, siku ya mazishi, kisha: *Habari ziwafikie*, na hapo ikaanza safari. Kaka wa marehemu aliyeko Mbeya. Dada aliyeko Tunduru. Mtoto aliyeko Kigoma. *Popote walipo.* Miji ndiyo iliyokuwa ikilia. Nikatengeneza shairi, mistari kama ishirini, nikalipeleka gazetini, likatoka. Nilifurahi wiki moja. Wiki ya pili mzee mmoja akanitafuta hadi nyumbani, gazeti amelikunja mkononi. Sikuwa nimebadilisha majina. Yule wa Kigoma alikuwa mwanawe, na alikuwa hajawahi kurudi. Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Wewe ulimjua?" Nikasema hapana. Akaweka gazeti mezani, akaondoka bila kunywa chai.

Kwa hiyo sheria zangu mbili zilitoka hapo. Ya kwanza: maneno ya mtu unaweza kuyaokota, maisha yake omba. Daftari lako lina majina ya abiria na namba za simu zao. Hayo yasiingie kabisa, hata kwa herufi za mwanzo, hata kama jina ni tamu kwa sikio. Na kwa kuwa daftari ni mali ya ofisi, mwombe mkuu wako ruhusa kabla ya kuchapisha popote. Wengi hucheka wakakubali. Akikataa, shairi libaki kwako nyumbani.

Ya pili ndiyo ile ya takhmisi: usifiche. Chini ya kichwa cha shairi andika kwa herufi ndogo kwamba maneno yametoka katika daftari la vitu vilivyookotwa la ofisi ya mabasi, Morogoro. Wengine huona haya, wanadhani maelezo hayo yanapunguza ufundi wao. Kinyume chake: msomaji akijua chanzo, kila neno linapata uzito mara mbili. Anayechukua mistari ya mshairi mwingine aliye hai, akaipanga upya na kuweka jina lake bila kusema, huyo hajaokota, amechomoa mfukoni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hapa Tanzania inalinda kazi za watunzi, na ukitaka kuchukua kipande kirefu cha kitabu au wimbo, mwombe mwenyewe. Maandishi ya sheria za nchi na hukumu za mahakama hayamo katika ulinzi huo, na kwa bahati njema ni machimbo makubwa kuliko unavyodhani.

Nayataja kwa sababu watunzi wawili ninaowaheshimu sana katika kazi hii walichimba mahakamani. Charles Reznikoff wa New York alisomea sheria, akafanya kazi ya kuandika muhtasari wa kesi kwa ajili ya vitabu vya rejea vya mawakili. Katika kumbukumbu za kesi za Marekani za kati ya mwaka 1885 na 1915 aliona watu: kijana aliyekatwa mkono na mashine, majirani waliouana kwa mpaka wa shamba. Akaondoa hoja za mawakili na uamuzi wa jaji, akaacha kile shahidi alichokiona. Mwaka 1975 akatoa kitabu kilichotokana na kumbukumbu za kesi za Wanazi wa Ujerumani, zile za Nuremberg na ile ya Eichmann, kwa mtindo uleule wa kutokuongeza kilio. Mwingine ni M. NourbeSe Philip, mzaliwa wa Tobago anayeishi Kanada, naye aliwahi kuwa wakili. Alichukua taarifa fupi ya kesi ya Uingereza ya mwaka 1783. Mwaka 1781 zaidi ya Waafrika 130 waliokuwa wakisafirishwa utumwani katika meli iitwayo Zong walitupwa baharini wakiwa hai, na wenye meli wakadai fidia ya bima kama watu wanavyodai fidia ya mzigo uliopotea. Philip alijifungia ndani ya maneno ya taarifa ile tu, akayavunja hadi silabi, kitabu kikatoka mwaka 2008. Mle ndani watu waliandikwa kama mzigo. Nataka ukumbuke hilo unapokaa na daftari lako, lenye safu moja ya kitu na safu nyingine ya mwenyewe.

Limebaki swali lako la tatu, lile ulilolificha ndani ya la pili: utakuaje mwandishi kama maneno ni ya kuokota.

Nikuambie nilichokiona kwa wanafunzi. Mtu anayeanza kutunga huwa na maneno yake kumi na mawili: moyo, machozi, giza, nuru, safari, bahari ya hivi na vile. Ukimwambia ayaache, anabaki mikono mitupu. Ukimpa karatasi ya watu na kumwambia achague tu, huwezi kuamini sikio lake linavyofunguka, maana hana tena pa kujificha. *Bahari ya huzuni* haimo kwenye fomu ya mkopo. Anajifunza kukata. Anajifunza kwamba *imezimwa* na *imezimika* ni visa viwili tofauti. Simu yako ile *imezimwa*. Kuna mkono ulioizima. Ungejua hilo kwa kukaa na kamusi? Umelijua kwa sababu karani wa zamu aliandika vile na wewe ukanakili.

Hatari ipo pia. Nawajua waliokaa kwenye kuokota miaka kumi kwa sababu ni salama: likisifiwa ni lao, likilaumiwa ni la daftari. Kwa hiyo usikae huko tu. Fanya hivi. Chukua ukurasa mmoja wa daftari hilohilo na utoe mashairi matatu tofauti kabisa, moja refu, moja la mistari minne, moja la vitenzi vitupu. Mchoraji Tom Phillips wa Uingereza alinunua riwaya kuukuu ya mwaka 1892 kwa peni tatu mwaka 1966, akaanza kupaka rangi kurasa zake akiacha maneno machache, na hakumaliza hadi toleo la mwisho la mwaka 2016. Miaka 50, kitabu kimoja. Kurasa alizozifanya ujanani alizirudia uzeeni na zikatoa maneno mengine. Wewe sikwambii miaka 50. Nakwambia ukurasa mmoja, wiki tatu.

Ukishachoka nao, funga daftari la ofisi, fungua lako. Chora safu zilezile: namba, kitu, kilipookotwa, maelezo. Halafu jaza vitu ambavyo wewe mwenyewe umevipoteza tangu utotoni. Usitunge shairi, jaza fomu. Mwandiko wa kikarani, bila neno lolote la hisia. Sare ya darasa la pili. Sauti ya bibi. Ufunguo wa nyumba ambayo tulishahama. Safu ya mwisho ndiyo itakayokutesa, kwa sababu itabidi useme mwenyewe amefika au hajafika, na mwenyewe ni wewe. Hapo maneno hayatakuwa ya kuokota tena, ila mkono utakuwa umeshazoea kutopamba. Mwanafunzi wangu mmoja alijaza safu hizo usiku mmoja akaniletea asubuhi. Zilikuwa kumi na moja, tisa hazifai, mbili sijazisahau mpaka leo.

Usome kwa sauti kila unachotengeneza, ukiwa umesimama. Na usikimbilie kuchapisha. Shairi la kuokota huwa linapendeza sana siku ya kwanza kwa ule ugeni wake. Liache mwezi mzima droo, ugeni ukishaisha ndipo utajua kama kuna kitu.

Na rafiki yako usimtupe. Mpe mistari mitatu ile ya nane-nane amalizie kwa takhmisi, tuone kama ataendelea kucheka. Zamu ya usiku je, wao huandika *Mwenyewe hajafika* kama ninyi, au wana msemo wao? Angalia. Karani mmoja akiandika *Mwenyewe bado hajaja*, hiyo ni mizani 8, na shairi lako lina kibwagizo cha pili chenye sauti ya mtu mwingine.

Halafu yule kuku. Umemtaja ukampita, nami tangu nilipofika pale sijaweza kumwacha. Alikaa ofisini usiku mzima? Nani alimpa maji? Niandikie kwenye safu ya maelezo waliandika nini, kwa maneno yaleyale, usirekebishe hata nukta.